Mndimu na Mchungwa katika Nyua za Kasongo na Kabambare

Mwenye nyumba wa Kasongo au wa Kabambare ambaye ua wake umebakiwa na nafasi ya mti mmoja tu, nyuma ya jiko au kando ya njia ya kisimani, akija kuuliza apande mndimu au mchungwa, jawabu langu ni kuwa apande mndimu. Na yule aliyejaaliwa kiunga kipana apande mndimu kwanza, kisha alete mchungwa uliobebeshwa juu ya shina la mlimau, wala asiweke matumaini yake yote katika mbegu ya chungwa iliyotemwa baada ya kuliwa. Rai hii siitoi kwa kuudharau mchungwa, mti ambao kwangu mimi una heshima kuliko miti yote ya matunda iliyoko katika nchi hii, bali kwa sababu miti hii miwili, ijapokuwa ni ya ukoo mmoja, na majani yake ukiyafikicha hunukia kwa namna zinazokaribiana, ina hitilafu kubwa za tabia. Na mtu aipandaye kwa kudhani kuwa malezi ya mmoja yanamfaa mwingine hupata hasara asiyoitambua ila baada ya miaka sita au saba, wakati ambapo miaka hiyo haiwezi kurudi.

Asili ya miti yote miwili ni Asia, na safari yake mpaka huku kwetu Maniema ya kusini yafaa ikumbukwe, maana ndani yake mna funzo la ukulima. Ilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara, ikaota pwani na visiwani, kisha ikaingia bara pamoja na misafara iliyopita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikafika Kabambare, na kutoka Kabambare ikavuka mto Luama mpaka Kasongo na Nyangwe. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu walimwita Tippu Tip, aliweka makao yake Kasongo katika miaka ya 1870, na baada ya muda usio mrefu mji ule ukazungukwa na mashamba ya mpunga na bustani za matunda. Tabibu Sidney Hinde, aliyekuwa katika jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya kamanda Dhanis lililouteka mji huo tarehe 22 Aprili 1893, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1897 kuwa alipita juu ya mnyama wa kupanda katika shamba moja la mpunga kwa muda wa saa moja na nusu, na kwamba bustani zilijaa michungwa, mikomamanga, mananasi na migomba. Si haki kuzisifu bustani hizo tukawasahau waliozilima, ambao wengi wao walikuwa watumwa waliotekwa katika vijiji vya nchi hii hii, nao ndio waliochimba mashimo, wakachota maji, wakaijua miti ile kwa mikono yao. Ujuzi tulionao leo wa kuilea miti hii umetoka kwao kabla haujatoka kwa mtu mwingine yeyote. Na funzo la ukulima ni hili: mbegu ya ndimu na ya chungwa hufa ikikauka, hata aliyezibeba kwa miezi ya njiani ilimpasa azihifadhi ndani ya matunda yake au katika unyevu, au apande miche katika kila kituo na kuiacha izae kabla mbegu hazijaendelea mbele. Nitalirudia jambo hili kwa kuwa hata sasa watu wengi hukosa miche kwa sababu ya kuanika mbegu juani kama waanikavyo mahindi.

Tazama kwanza umbo la kila mti, maana umbo ndilo litakalokuonyesha pahali pake. Mndimu ni mti mfupi, aghalabu wa mita tatu au nne, wenye matawi membamba yaliyoshikamana bila mpango, majani madogo, na miiba mifupi iliyo mikali sana. Nafasi ya mita nne au tano kutoka mti hadi mti huutosha, na mtu anayesumbuliwa na mbuzi wa jirani anaweza kuipanda mindimu kwa mstari, mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, ikawa ua hai ambao hakuna mbuzi atakayeupenya ukiisha kushikana. Mchungwa hukua mpaka mita saba, na uliotoka katika mbegu hupita hapo. Kichwa chake ni cha mviringo, majani yake ni mapana na ya kijani kilichokolea, na miiba yake, ambayo katika ujana wa mche wa mbegu ni mirefu ya kutisha, hupungua mti ukizeeka. Huu unataka mita saba kila upande, na haufai kubanwa na ukuta wa nyumba. Yote miwili hutaka jua zaidi ya nusu ya mchana. Nyua nyingi za Kasongo zimefunikwa na miembe na michikichi ya zamani, na mchungwa uliopandwa chini ya mwembe hurefuka kwa kutafuta mwangaza, ukawa mwembamba, usizae. Mndimu hustahimili kivuli kidogo, lakini nao hulipa kivuli hicho kwa uchache wa matunda.

Hitilafu yake ya pili ni katika namna inavyoyapokea majira. Kasongo na Kabambare ziko kiasi cha nyuzi nne na nusu kusini ya Ikweta, mvua hunyesha tangu Septemba mpaka Mei, na kiangazi hukamata Juni, Julai na Agosti. Mchungwa mzima hutumia kiangazi hicho kupumzika; ukavu huuzuia usikue, na mvua za kwanza zikiupata katika hali hiyo, hutoa maua kwa wingi kwa pamoja, uwanja mzima ukanukia. Matunda yake huchukua miezi saba mpaka kumi kukomaa, basi maua ya Septemba na Oktoba ndiyo machungwa ya Mei, Juni na Julai. Kwa hiyo mchungwa mkubwa usiumwagilie maji katika kiangazi kwa kuuhurumia, maana ukiunyima usingizi wake utaunyima na maua yake. Mndimu hauna utaratibu huo. Katika joto letu hutoa maua mara kwa mara, na matunda yake huwa tayari katika miezi mitano au sita, hata utakuta katika tawi moja ua, tunda changa, na ndimu ya kuchumwa. Mzao wake mkubwa hufuata mvua, lakini ni nadra mtu kuuendea asipate hata ndimu moja ya kutia katika samaki wa mto Lualaba au katika chai ya mgonjwa wa mafua; na hii ndiyo sababu yangu ya kwanza ya kuutanguliza katika ua wenye nafasi ya mti mmoja.

Liko jambo jingine la joto ambalo huwadanganya watu wengi. Chungwa hugeuka rangi kwa baridi ya usiku, wala si kwa utamu wake. Katika nchi za mbali kutoka Ikweta, ambako usiku wa majira ya baridi ni mkali, ganda huwa la manjano iliyokolea. Lakini hapa kwetu, chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, chungwa laweza kujaa maji, likawa tamu kabisa, na ganda lake likabaki la kijani au la kijani chenye manjano kidogo. Wapo wanaoyaacha matunda mtini wakisubiri rangi waliyoiona katika picha, na wapo wanaoyadharau machungwa ya Maniema kwa kuyadhani mabichi. Ulimi ndio hakimu: kata moja, lionje, na kama ni tamu basi wenzake wa upande ule ule wa mti wako tayari.

Sasa nije katika mbegu, jambo ambalo ndilo lenye kuitenga zaidi miti hii katika mikono ya mwenye bustani. Mndimu unapandwa kwa mbegu bila ya majuto. Chagua mti wa jirani unaojulikana kuzaa sana na wenye ganda jembamba na maji mengi, omba ndimu zilizoiva mpaka zikawa za manjano na kuanguka zenyewe, zikamue, osha mbegu mpaka utelezi utoke, uzipande siku ile ile au ya pili, kina cha kidole kimoja kwa upana wake, katika kitalu cha udongo laini wenye mchanga na majani yaliyooza, chini ya kivuli cha makuti. Baada ya wiki mbili mpaka nne zitaota. Hapo utaona ajabu ambayo si ya mimea mingi: mbegu moja yaweza kutoa miche miwili au mitatu. Sababu yake ni kuwa ndani ya mbegu ya ndimu, kama ilivyo katika ya chungwa, mna viini kadhaa, na vingi kati ya hivyo havikutokana na kuchanganyika kwa ua la mti huu na ua la mti mwingine, bali vimechipua kutoka katika mwili wa mama mwenyewe, kwa hiyo ni mama yule yule tena kwa damu na tabia. Basi katika kitalu chako shika miche inayolingana kwa urefu na kwa umbo la majani, kwa maana hiyo ndiyo iliyomfuata mama, na ile iliyodumaa, pamoja na ile iliyopita wenzake kwa urefu usio wa kawaida, ing'oe bila huruma. Mndimu wa mbegu, ukilelewa vema, huanza kuzaa katika mwaka wa tatu mpaka wa sita. Ukitaka haraka zaidi, chagua tawi lenye unene wa kidole, livue ganda kwa mviringo upana wa sentimita tatu, lifunge udongo wenye unyevu ndani ya nailoni, na baada ya miezi miwili au mitatu mizizi itajaa humo, ukate na kupanda mti ambao tayari una umri wa kuzaa.

Mbegu ya chungwa nayo humfuata mama. Wanaosema kuwa mbegu ya chungwa tamu hutoa chungwa chungu, aghalabu, wamedanganyika. Ila yake si katika utamu bali katika muda na katika mguu. Mche wa mchungwa uliotoka katika mbegu hupitia ujana mrefu wa miiba na urefu, ukakaa miaka sita, minane, hata kumi kabla ya kutoa tunda la kwanza. Na ukiisha kuzaa, mizizi yake mwenyewe na ganda la shina lake chini karibu na ardhi ni dhaifu mbele ya maradhi ya kuoza ambayo udongo wa mvua nyingi huyazaa. Kijana anayeoa mwaka huu akapanda mbegu ya chungwa, mtoto wake wa kwanza atakuwa anasoma shule kabla mti haujamlipa. Mchungwa uliobebeshwa, yaani mchungwa ambao jicho lake limetolewa katika mti mzima unaozaa na kupandikizwa juu ya shina la mti mwingine wa ukoo huo, huzaa katika mwaka wa tatu au wa nne, kwa kuwa jicho lile lina umri wa mti lilikotoka, na ujana limekwisha kuupita.

Ni juu ya shina gani basi? Palipo na udongo wa mchanga, na kiangazi cha miezi mitatu, na mkono wa mkulima asiye na mpira wa maji, mimi nachagua mlimau wenye ganda la makunyanzi, ambao mizizi yake huenda mbali na chini, hustahimili ukavu, nao hukuza mti upesi. Ila yake mojawapo ni kwamba machungwa yaliyo juu yake huwa na maji mengi na utamu uliopungua kidogo. Lakini mti ulio hai wenye tunda lenye utamu wa kadiri ni bora kuliko mti uliokufa. Mdanzi, yaani ule wenye machungwa machungu, usiutumie kama shina la mchungwa mtamu, japokuwa utakuta vitabu vya zamani vinausifu kwa kuwa haupatwi upesi na kuoza kwa mguu. Uko ugonjwa wa virusi unaochukuliwa na vidukari weusi, nao ukiingia katika mchungwa uliokaa juu ya mdanzi hukata njia ya chakula mahali viungo viwili vilipokutana, mizizi ikafa njaa na mti ukanyauka wote. Huko Argentina na Brazil, tangu miaka ya 1930, mamilioni ya michungwa iliyobebeshwa juu ya midanzi iliangamia kwa njia hiyo, na vidukari wanaoeneza ugonjwa huo wako katika Afrika yetu tangu zamani.

Kazi ya kubebesha haitaki chombo cha gharama. Panda mbegu za limau kama ulivyopanda za ndimu, na shina likifikia unene wa penseli, baada ya mwaka mmoja au zaidi, ngoja mvua ziingie ili ganda liwe linaachia mti kwa urahisi. Katika mchungwa mzima usio na madoa wala utomvu, kata kitawi kilichokomaa, kisicho cha pembe pembe bali cha mviringo, ondoa majani ukiacha vikonyo, ukifunge katika kitambaa kibichi, na ukitumie siku ile ile. Kwa kisu kikali ulichokiosha kwa maji ya moto, chora katika shina la mlimau, sentimita 20 mpaka 30 juu ya ardhi, mkato wa kwenda chini wenye urefu wa sentimita tatu, na mkato mfupi wa kuukata ncha ya chini, ili maji ya mvua yasiingie kutoka juu. Toa jicho pamoja na kipande chembamba cha ganda lake, lisukume chini ya ganda la mlimau kutoka chini kwenda juu pasipo kugusa kwa vidole sehemu mbichi, kisha funga imara kwa ukanda wa nailoni, na uache hivyo wiki tatu. Ukifungua ukalikuta jicho bado kijani, limeshika. Ukilikuta jeusi, geuka upande wa pili wa shina na ujaribu tena. Likishika, liinamishe shina la mlimau juu ya jicho au likate kwa hatua, ili nguvu yote iende kwa mgeni. Na tangu siku hiyo mpaka mti utakapokufa, kila chipukizi litokalo chini ya kiungo, ambalo utalijua kwa jani lake la kilimau na kwa miiba yake, liondoe lingali changa, kwa maana likiachwa litaumeza mchungwa, na utashangaa baadaye kuona mti wako unazaa malimau.

Shimo la kupandia liwe la sentimita 60 kwa upana na kwa kina, na kabla ya kupanda lijaze maji. Kama kesho yake maji bado yamesimama, mahali hapo si pa mchungwa wala pa mndimu. Maji yaliyotuama ndiyo adui mkubwa kuliko wadudu wote. Ganda la shina karibu na ardhi hupasuka, hutoa utomvu wa rangi ya asali, hunuka uchungu, kisha huoza kuzunguka shina lote, na majani hupauka kuanzia upande mmoja wa kichwa. Mchungwa hupatwa zaidi, lakini mndimu haukusalimika. Kinga yake ni pale pale siku ya kupanda: weka mche juu kidogo ya usawa wa uwanja, kiungo cha kubebeshwa kiwe wazi mbali na udongo, usirundike udongo wala takataka shinani, na usiruhusu maji ya kuogea yaelekezwe kwenye mti kila siku, desturi ambayo nimeiona katika nyua nyingi na ambayo huua michungwa ya watu wema wanaodhani wanaihurumia.

Mche mdogo, wa namna zote mbili, haujui usingizi wa kiangazi niliousema. Katika miaka miwili ya kwanza uupe bidoni la lita 20 kila baada ya siku nne au tano Juni mpaka Agosti. Makapi ya mpunga, ambayo katika nchi hii ya mpunga hutupwa kwa marundo, yatandaze juu ya mizizi unene wa kiganja ili udongo usikauke, lakini uache duara la kiganja kimoja na nusu kuzunguka shina, maana makapi yakiligusa, mchwa hujificha humo na kuoza hufuata. Samadi ya mbuzi iliyokwisha iva, ndoo moja kwa mti mdogo na mbili au tatu kwa mti unaozaa, itie Septemba na tena Februari, ukiitandaza chini ya ncha za matawi ambako mizizi ya kula iko, na si shinani. Mndimu ukikosa samadi mwaka mmoja huendelea kuzaa kwa unyonge. Mchungwa hauvumilii, bali hutoa majani ya manjano na matunda madogo yenye ganda nene, na kuurudisha huchukua misimu miwili. Katika kupogoa, mchungwa unataka tu kuondolewa matawi makavu, yanayosuguana, na yanayogusa ardhi. Mndimu unataka kupunguzwa zaidi katikati, kusudi jua na upepo vipite, na kusudi mkono wa mwenye kuchuma uingie bila damu.

Juu ya wadudu nitasema machache. Funza wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hula majani ya miche. Akiwa mdogo hufanana na mavi ya ndege, akikua huwa kijani na akiguswa hutoa pembe mbili zenye harufu kali. Mtoe kwa mkono asubuhi, wala usinunue sumu kwa ajili yake. Inzi wa matunda, hususa yule aliyetoka Asia na kugunduliwa Kenya mwaka 2003, kisha akaenea Afrika nyingi, hutoboa chungwa linaloelekea kuiva na kutaga ndani; hupenda maembe na mapera zaidi, kwa hiyo mchungwa ulio jirani na mwembe huumia, na ndimu haimvutii sana. Okota kila tunda lililoanguka, kila siku, ulifukie nusu mita chini ya ardhi au ulifunge ndani ya mfuko mweusi juani mpaka funza wafe, na uwashawishi majirani wafanye hivyo, maana inzi hana mpaka wa ua.

Ugonjwa wa madoa unahitaji maneno zaidi, kwa kuwa ndio unaowakatisha tamaa wapandaji wa michungwa katika Afrika ya kati yenye mvua. Ulielezwa na wataalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1952 huko Angola na Msumbiji, nao ni kuvu ambayo huweka juu ya jani doa la mviringo, kati yake rangi ya kijivu na pembezoni mduara wa manjano, jani likaanguka, na matunda yakapata vidonda vigumu yakakauka au yakapoteza bei. Mchungwa, mchenza na mbalungi hupatwa vibaya. Mlimau hupatwa kidogo. Mndimu ndio wenye kustahimili kuliko wote. Ukiona madoa hayo, kusanya majani yaliyoanguka uyachome, fungua kichwa cha mti kwa kupogoa, na ukiweza kupata dawa ya shaba nyunyizia majani mapya na matunda machanga mara baada ya maua. Usinunue mche wenye doa hata kwa bei ya bure. Lakini mndimu nao una ugonjwa wake peke yake: katika mvua za mfululizo ncha za matawi machanga hukauka kama zilizounguzwa, na maua hupukutika. Kata ncha hizo wakati wa jua, uzichome, na mti utachipua tena.

Wala mtu asidhani kwamba ustahimilivu wa mndimu hauna mwisho. Katika Oman, nchi ambayo baadhi ya waliomiliki bustani za Kasongo walikuwa na nasaba nayo, ndimu ilikuwa fahari ya pwani ya Batinah kwa karne nyingi, mpaka katika miaka ya 1970 ukaonekana ugonjwa unaofanya matawi kutoa vichipukizi vyembamba visivyohesabika mfano wa fagio, na mti hufa baada ya miaka michache. Maelfu kwa maelfu ya mindimu yameteketea huko. Kwa sababu hiyo mimi huwausia ndugu zangu wanaorudi kutoka safari za ng'ambo wasije na mche wala kitawi cha ndimu au chungwa ndani ya mizigo yao, hata kwa nia njema kabisa. Miti ya kuchukua mbegu na macho tunayo hapa hapa, imekwisha zoea ardhi hii tangu enzi za mababu.

Kwa habari ya faida, mchungwa una haki yake. Watoto wa nyumba hula matunda yake bila kuambiwa, na vitamini C iliyo ndani yake, kwa uzito ule ule, hukaribia kuwa mara mbili ya ile ya ndimu. Tabibu James Lind alipowajaribu mabaharia wagonjwa wa kiseyeye mwaka 1747, wale wawili aliowapa machungwa na malimau ndio waliopona upesi kuliko wenzao wote. Lakini ndimu hupita kwa biashara katika njia zetu. Chungwa husagika juu ya baiskeli inayosukumwa siku kadhaa katika matope, na msimu wake ni mmoja kwa wote, hata bei huanguka siku ambayo kila mtu analeta. Ndimu hukubali safari, na ile ya kiangazi, wakati wa uchache, huuzwa vizuri.

Ndimu ichume ingali ya kijani, ganda likiisha kuwa laini lenye kung'aa na tunda likiwa zito mkononi. Ukingoja manjano itaanguka na haitakaa. Ziweke kivulini ndani ya mchanga wenye unyevu kidogo, zitadumu wiki kadhaa, na zikizidi zitie chumvi juani kwa achari, au zichemshe katika maji ya chumvi uzianike mpaka ziwe nyeusi na nyepesi, kama wafanyavyo Waomani, uzitoboe na kuzitia katika mchuzi wa nyama. Chungwa usilichume kabla ya kulionja, kwa kuwa likitoka mtini haliongezi utamu hata siku moja, tofauti na embe na ndizi. Likate kwa kisu pamoja na kikonyo kifupi, usilivute, maana likichanika penye kikonyo litaoza kuanzia hapo. Machungwa yaliyoiva hungoja mtini wiki nyingi bila kuharibika, basi chuma kiasi cha kuliwa au cha kuuzwa siku hiyo. Lakini hakikisha kuwa kufikia mwisho wa Agosti hakuna hata moja lililobaki, kwa maana mti unaozikuta mvua za Septemba ukiwa bado umebeba matunda ya msimu uliopita hutoa maua haba, na mwaka unaofuata utazaa kidogo.